Kimya cha Dakika Nne

Mkono wa Gichuru bado umeshika pazia la mlango. Tuliuacha hapo wiki jana, na siku saba zote umekaa vivyo hivyo, maskini, hata nzi wa mtaa wa Laini Saba wameshauzoea. Basi tumruhusu mzee aingie. Ndani anasemwa, na kusemwa bila kusikia ni hasara tupu.

Aliingia.

Kibanda cha video cha Osewe kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Watu sitini kwenye benchi za watu thelathini, mchana kweupe siku ya Jumanne, na kila mmoja wao ukimpigia simu atakwambia yuko kazini. Mbele kulikuwa na televisheni. Kando yake, juu ya kreti ya soda, alikaa Osewe na maiki yake, DJ wa kutafsiri muvi. Wazungu husema yao, Osewe husema yake, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba Wazungu walinyimwa nafasi.

Muvi yenyewe haikuwa ya bunduki. Ilikuwa muvi kuukuu ya ballet. Msichana anacheza kama hana mifupa, mwanamuziki anampenda kama hana akili, na bosi wa kampuni anaamini kwamba mchezaji akishapenda amekwisha. Gichuru mwenyewe ndiye aliyempa mwanafunzi wake Audrey muvi hiyo kwenye flashi, aitazame, aogope, ajirekebishe. Audrey akampa Osewe. Osewe akaitia maneno.

“Haya, cheki sasa!” Osewe alinguruma. “Landilodi wa Miguu ndio huyo anaingia! Anakusanya kodi ya vidole! Anamwambia atoti, huyo msichana, ‘Wewe, nimesikia unapenda. Kwa plot yangu hakuna kupenda! Ukipenda unahama, na miguu unaacha!’”

Kibanda kikaangua kicheko hadi mabati yakalia.

“Ona vile anatembea! Ako na plot Kawangware, ako na tumbo, ako na funguo hamsini kwa kiuno. Roho tu ndio alisahau kununua!”

Audrey Aluoch, binti wa mtaa wa Gatwekera, miaka kumi na tisa, mchezaji namba moja wa kampuni ya ballet ya Korongo, alikuwa benchi ya pili akicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha nyuma yake akasikia funguo.

Funguo hamsini hazijifichi. Audrey hakuhitaji kugeuka. Kwa miaka minane amefanya mazoezi akizisikia zikimzunguka, chwa, chwa, chwa, kiunoni mwa mwalimu wake Gichuru, mwenye kampuni, mwenye ukumbi, mwenye nyumba arobaini na mbili za kupangisha zinazouzunguka ukumbi huo, na mwenye hasira zinazozijaza nyumba zote arobaini na mbili.

Osewe naye akamwona. Neno likamkwama.

Sekunde moja. Mbili. Tatu. Kwenye televisheni midomo ilikuwa inachezacheza, lakini kibandani hakukuwa na sauti.

“DJ! Sauti!”

“Stima imepotea?”

“Stima gani na picha unaona? Mashine imeharibika!”

“Rudisha sauti ama rudisha pesa zetu!”

Mtu akaanza kupiga mabati kwa ngumi. Wenzake wakaona ni wazo zuri. Gunzi la mahindi likapaa na kumpata Osewe begani. Kumbuka, msomaji, hawa si watu wabaya. Katika kibanda cha video DJ hanyamazi. DJ akinyamaza, maana yake ni moja tu: kuna kitu kimekufa.

Gichuru aliwatazama taratibu, kichwa kikigeuka kama feni iliyochoka. Audrey alimwona akitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeokota ufunguo asioutafuta.

“Endelea, kijana,” Gichuru alisema. “Usinyime watu haki yao.”

Akamsukuma jamaa mmoja kwa kiuno, akakaa kando ya Audrey, na akatazama muvi ile hadi mwisho. Hata alicheka mara mbili. Audrey angeona afadhali apigwe.

*

Watu walipotoka, Gichuru alimwita Osewe kwenye gari lake. Audrey alisimama katikati yao, tayari kufukuzwa kwa niaba ya wote.

“Mwalimu, naomba nielezee…”

“Hebu nyamaza kidogo, Audrey. Kijana, ni nani amekufundisha?”

“Babangu, buda. Kibanda kilikuwa chake. Alipofariki akaniachia na maiki.”

“Una kipaji.”

Osewe alitazama nyuma yake kuona anayeambiwa.

“Wewe,” Gichuru alisema. “Miaka kumi na tano nafanya shoo ya ballet Kawangware, na kila mwaka watu wananiuliza swali moja: huyu msichana anakimbia nini na hakuna mtu anamfukuza? Hawaelewi. Sasa wewe utawaelezea. Jumamosi unakaa kando ya jukwaa na maiki yako. Jina lako litakuwa kwa bango.”

“Kwa bango?”

“Kubwa. Kushinda la sponsa.”

Na hapo masikio ya Osewe yakafunga ofisi. Gichuru alitoa karatasi kutoka mkobani, akailaza juu ya boneti, akatoa kalamu. Osewe alisoma mstari wa kwanza, uliokuwa na jina lake kamili, akaupenda, akaamua kwamba mistari mingine lazima iwe mizuri vilevile. Akatia saini kwa madoido, na kitone chini yake.

“Osewe, soma kwanza,” Audrey alisema.

“Nimesoma.”

“Ukurasa wa nyuma je?”

“Audrey, jina langu haliwezi kuwa huko pia.”

Gichuru aliikunja karatasi na kuitia mfukoni, upande wa funguo.

*

Sasa tueleze Jumamosi hiyo ilikuwa na nini, kwa faida ya wale mliokuwa mnatumia gazeti la wiki jana kufungia nyama.

Kampuni moja kubwa ya ballet huko Johannesburg ilikuwa imeandika barua. Mgeni wao angekuja Kawangware kutazama shoo ya Korongo na kuchagua mchezaji mmoja. Mmoja tu. Miaka miwili ya mafunzo, chumba, mshahara. Barua ilitiwa saini N. Shiundu, na Gichuru alikuwa ameshampangia huyo Bwana Shiundu kiti cha ngozi, sambusa, na maji ya chupa ambayo hayajafunguliwa na mtu mwingine.

Audrey alikuwa amezaliwa kwa ajili ya Jumamosi hiyo. Alikuwa pia anampenda Osewe, na Gichuru alikuwa na sheria yake: mchezaji hapendi. Kila mchezaji mpya wa Korongo husimuliwa habari ya msichana fulani wa zamani, hodari kuwapita wote, aliyepata mchumba. “Akaisha,” Gichuru humalizia, huku akifuta macho makavu. “Sasa hivi anakaanga chipsi Kangemi.” Wasichana kadhaa wamewahi kwenda Kangemi kumtafuta. Walipata chipsi tu.

Alasiri hiyo ya Jumanne jua lilikuwa bado juu. Audrey na Osewe walitembea kando ya reli, kati ya wauza viatu na fundi wa majiko aliyekuwa akigonga bati kama lilimkosea.

“Umekasirika,” Osewe alisema.

“Sijakasirika.”

“Unatembea kama askari.”

“Osewe, kwa ngoma yangu ya mwisho, ile ya peke yangu, sitaki uongee.”

“Kidogo tu?”

“Hata kukohoa.”

“Ni ndefu aje?”

“Dakika nne.”

Osewe alisimama katikati ya reli. “Dakika nne? Babe, mimi nikinyamaza dakika nne mamangu anaanza kuchangisha ya jeneza!”

Audrey hakucheka. Hapo ndipo Osewe alipojua mambo si mambo.

“Unajua tangu nianze kucheza, hakuna siku nimecheza bila mtu kunisemea?” Audrey alisema. “Wageni wanakuja na kamera, wananiambia nisimame kwa vidole kando ya mtaro wa maji machafu. Sio kwa jukwaa, kwa mtaro! Halafu wanaandika, ‘Msichana wa mabanda aota ndoto.’ Mwalimu ananisemea. Mathe wangu ananisemea kanisani. Sasa na wewe. Nataka mara moja tu watu waone miguu yangu na hakuna mtu anawaambia wanaona nini.”

Fundi wa majiko aliacha kugonga, kwa heshima au kwa umbea.

“Dakika nne,” Osewe alisema polepole, kama mtu anayetaja idadi ya meno atakayong'olewa. “Sawa. Naapa.”

“Unaapa kwa nini?”

“Kwa Gor.”

Mjaluo akiapa kwa timu hiyo ya mpira, usiombe shahidi. Audrey akamshika mkono.

Ijumaa alimweleza Gichuru, akitarajia vita. Gichuru alikuwa anapanga viti.

“Wazo zuri sana,” mzee alisema. “Atanyamaza dakika nne. Sasa hivyo ndivyo msanii huongea! Na usijali kuhusu watu, nimetuma gari Laini Saba. Wateja wote wa kibanda waje bure. Wakuone.”

“Asante, Mwalimu!”

Ndiyo, alimshukuru. Miguu ya Audrey ilikuwa na akili nyingi sana, na pengine ndiyo maana hazikubaki za kutosha huku juu.

*

Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa Korongo ulikuwa umefurika. Zamani jengo hilo lilikuwa posho mili, na hadi leo ukipiga makofi kwa nguvu unga hudondoka kutoka kwenye dari. Jukwaa lilikuwa la mbao za makasha zilizowekwa juu ya mapipa matupu. Ni jukwaa lenye mdomo: ukikanyaga vibaya, linakushtaki hadi barabarani. Ndiyo maana Gichuru hufunza wachezaji wake kutua kama vumbi. “Mcheza ballet mwenye kelele,” huwaambia, “ni ng'ombe amevaa sketi.”

Mbele kabisa, kwenye kiti cha ngozi, alikaa bwana mmoja wa suti ya kijivu. Aliingia saa saba na nusu, akauliza, “Hapa ndipo kwa Bwana Gichuru?” na kabla hajamaliza alikuwa ameketishwa na kulishwa sambusa.

“Karibu sana, karibu sana,” Gichuru alikuwa akimwambia, akisugua viganja. “Umeonaje mahali petu?”

“Pazuri. Kelele huwa kidogo hivi kila siku?”

“Nidhamu, mzee! Nidhamu ndiyo kila kitu.”

“Na maji?”

Gichuru alibabaika kidogo. Pengine huko Johannesburg maji ni sehemu ya mafunzo. “Yako. Wachezaji wangu wanakunywa vizuri.”

Bwana yule akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kuchukua sambusa ya nne.

Nyuma ya ukumbi walijazana watu wa Laini Saba nzima, na Gatwekera kwa niaba ya wasio na tikiti. Mama yake Audrey, Mildred, muuza dagaa wa omena, alivaa kitenge cha harusi. Kando yake, kwenye benchi ileile, alibanwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani myeusi na kilemba, ambaye Mildred alikuwa ameshamgawia nusu ya hindi lake la kuchoma.

“Yule mrembo mrefu ni wangu,” Mildred alimwambia.

“Anasimama vizuri,” yule mama akajibu.

Shoo ikaanza, na lazima tuseme ukweli, Osewe aliiua. Ngoma ya kwanza ilikuwa ya ndege wa ziwani. Alivyoieleza yeye, walikuwa wapangaji wanaokimbia siku ya kodi. Ukumbi ulilia kwa kicheko. Ngoma ya pili, mfalme na malkia, aliigeuza kesi ya mume aliyeonekana Dagoretti Corner na mtu. Wazee wa Kawangware, waliokuja kulinda viti vyao tu, walishikana mabega. Hata bwana wa suti alicheka na kupaliwa na sambusa.

Kisha taa zikapunguzwa. Nyatiti, zeze la Kijaluo, ikaanza kwenye spika, polepole, kamba moja moja. Audrey akatoka peke yake kwenye vile viatu vyake vya ncha ngumu.

Osewe akafunga mdomo.

Dakika ya kwanza ilikuwa tamu. Audrey alihisi macho yote yakimjia bila mtu wa katikati, na mwili ukawa mwepesi. Aliinuka kwenye ncha za vidole, akaunyoosha mguu nyuma, akabaki hapo, na ukumbi mzima ukabaki naye.

Kisha sauti moja ikatoka nyuma.

“DJ! Sauti!”

Aliijua sauti ile. Si mtu mbaya, anauza kamba za viatu.

“Mashine imekufa!”

“Stima iko?”

“Si taa unaiona! Maiki ndio imeharibika!”

“Osewe, piga hiyo kitu teke!”

Ngumi ya kwanza ikapiga bati la ukutani. Ya pili. Ya kumi. Nyatiti ikamezwa. Audrey alipoteza hesabu, akatua vibaya, jukwaa likamshtaki: ko!

Ndipo macho yake yakamwona Gichuru pembeni mwa pazia. Mzee alikuwa anatabasamu lile tabasamu la Jumanne.

Audrey akaelewa yote kwa pamoja. Gari lililotumwa Laini Saba. Viti vya bure. “Wazo zuri sana.” Osewe akinyamaza, watu wake wanaibomoa ngoma. Akiongea, amevunja kiapo mbele ya ukumbi mzima, na mapenzi yamekwisha kabla nyatiti haijaisha. Vyovyote vile, Landilodi hapotezi.

Alimtazama Osewe. Kijana alikuwa ametoka jasho kama anayesukuma mkokoteni. Maiki ilisogea karibu na midomo yake. Gunzi likampata sikioni. La pili likampata shingoni. Midomo ikafunguka.

Audrey alitikisa kichwa. Kidogo sana, katikati ya mzunguko.

Osewe akaifunga midomo, akaiuma.

“Tunataka sauti!” ukumbi ulinguruma. “Sauti! Sauti! Sauti!”

Sauti mnataka?

Audrey aliinuka kwenye ncha za vidole, juu kabisa, kisha akafanya kile ambacho kwa miaka minane alikatazwa kukifanya. Alitua kwa nguvu.

Ko!

Mapipa yaliyokuwa chini ya jukwaa yakaitika. Tabasamu la Gichuru likapauka.

Ko! Ko-ko! Ko!

Mguu wa kulia uliuliza, wa kushoto ukajibu. Watu wa mbele wakaacha kupiga kelele ili wasikie. Lakini ukumbi ulikuwa mkubwa, na huko nyuma bado ngumi zilikuwa kwenye mabati.

Osewe akaruka kutoka kwenye kiti chake. Audrey alidhani anakimbia. Lakini kijana alipiga magoti mbele ya jukwaa, akatazama maiki ya baba yake, hiyo ambayo hajawahi kumwazima mtu hata ya kusalimia, na akailaza juu ya mbao, kichwa kikielekea miguu ya Audrey.

KO!

Spika zote nne zikanguruma. Unga wa miaka ishirini ukadondoka kutoka kwenye dari na kuwafanya wote wazee.

Kelele zikakatika kama uzi.

Na hapo Audrey alicheza. Alikwenda kwa vidole jukwaa lote, ko-ko-ko-ko, kama mvua inayokuja juu ya mabati, ikasogea, ikapita, ikarudi. Aliruka, na ukumbi ulisubiri atue ndipo upumue. Alizunguka hadi sketi ikasimama. Nyatiti ikasikika tena chini ya miguu yake, kamba moja moja, na hakuna mtu aliyemwambia mwenzake anaona nini. Dakika nne zikafika. Mguu wa mwisho ukatua, na huo haukulia hata kidogo. Ulitua kama vumbi.

Kimya.

Kisha Mildred akapasua kigelegele kilichofika Gatwekera bila nauli, na ukumbi ukasimama.

*

“Bwana Shiundu!” Gichuru alikuwa wa kwanza kufika kwenye kiti cha ngozi. Mzee huyu hajui kushindwa, hubadilisha tu upande wa kusimama. “Umeona? Mtindo huo wa miguu nimeutunga mimi mwenyewe! Miaka minane!”

“Nimeona, nimeona,” bwana wa suti alijibu, akijipangusa unga na makombo ya sambusa. “Ni shoo nzuri, na asante kwa chakula, wapangaji wako unawatunza. Lakini mimi naitwa Kabiru, na niliambiwa kuna bedsita ya kupanga imeachwa wazi. Nitaonyeshwa saa ngapi?”

Tukiwa waungwana, hatutaeleza uso wa Gichuru ulivyokuwa. Hatukuwa waungwana jana, na leo si siku ya kuanza: ulikuwa kama uso wa mtu aliyemeza ufunguo.

“Basi… basi Shiundu ni nani?”

“Ni mimi,” ilisema sauti nyuma yake.

Yule mama wa kilemba alikuwa amefika mbele, bado ana hindi la Mildred mkononi. Hakumtazama Gichuru. Alipanda jukwaani na kumshika Audrey mabega, akampima kwa macho kuanzia vidoleni kwenda juu.

“Ulifundishwa kugonga mbao hivyo?”

“Hapana, Madam. Nilikatazwa.”

“Na mimi pia.” Mama yule akacheka. “Wewe ndiye ninayemtaka. Unaondoka Jumatatu.”

Audrey alikaa chini. Kisha akamtazama Osewe, aliyekuwa bado amepiga magoti kando ya maiki yake, na furaha ikaingia doa.

“Madam, kuna kitu sitaki kukuficha. Nina mtu. Huyu hapa.”

“Kwa hivyo?”

“Mwalimu anasema mchezaji akipenda anaisha. Anasema kulikuwa na msichana hapa, hodari kushinda sisi wote, akapenda, na sasa anakaanga chipsi Kangemi.”

Mama yule aligeuka polepole. Akavua miwani.

Funguo hamsini kiunoni mwa Gichuru zilianza kutetemeka zenyewe, chwa, chwa, chwa.

“Nyawira,” mzee alisema kwa sauti ndogo.

“Nyawira Shiundu. Hilo la pili ni la yule mpiga kinanda uliyemfukuza pamoja na mimi bila hata kumuuliza jina. Anakusalimu. Watoto pia.” Aliuma hindi, akatafuna bila haraka. “Na mimi miaka yote hiyo nacheza Johannesburg, kumbe niko Kangemi. Hebu niambie, Gichuru, chipsi zangu huwa ni tamu?”

Laini Saba ilicheka hadi unga uliobaki kwenye dari ukashuka wote.

Nyawira akatoa barua mkobani. “Tia saini hapa, kwamba unamwachilia. Na kijana wake akitaka kuja, aje. Kwetu watu huja na watu wao.”

Kila mtu alitarajia Gichuru akatae. Audrey alikuwa ameshakunja ngumi. Lakini mzee alichukua kalamu na kutia saini papo hapo, haraka, bila kusoma, na hilo ndilo lililomtia Audrey shaka. Gichuru hajawahi kutoa kitu haraka.

“Msichana ni wenu,” Gichuru alisema. “Mchukueni na baraka zangu.” Akaingiza mkono mfukoni, upande wa funguo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. “Ila huyu kijana ni wangu.”

Akaigeuza. Ukurasa wa nyuma.

“Miaka mitatu,” akasoma, akitafuna kila neno. “Atasema katika ukumbi wangu tu. Hatatoka nje ya nchi. Akienda, kibanda chake cha Laini Saba, na maiki, na kila alichoachiwa na babake, ni mali yangu. Saini yake hii hapa. Na kitone chini.”

Mildred akashika mdomo. Nyawira aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili, na mara ya pili hakuwa anatabasamu.

Audrey alimgeukia Osewe. Kijana alikuwa amesimama, maiki ya baba yake mkononi, taa yake nyekundu bado inawaka, spika nne na watu mia tatu wakimsubiri.

“Osewe,” Audrey alisema. “Unaenda na mimi, ama unabaki?”

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alikuwa anamwomba aongee.

Osewe aliinua maiki hadi midomoni. Akatazama karatasi. Akamtazama Audrey. Midomo ikafunguka, na kutoka nyuma ya ukumbi hakuna hata mmoja aliyethubutu kudai sauti, ingawa safari hii, kwa kweli, kulikuwa na kitu kinachokufa.